Kwa Baba Salome, Ambaye Moyo Wake Ulirudi

Mume wangu, Baba Salome,

Nakuandikia nikijua hutaisoma barua hii. Uko hai. Uko kwa mama yako, kijijini kwenu upande wa Kwa Mtoro, na pengine saa hizi umekaa kwenye kigoda nje ya nyumba unaangalia kuku. Mimi niko Nkuhungu, kwenye meza yetu ya kulia, Jumapili baada ya ibada. Salome amebaki kanisani kwenye mazoezi ya kwaya ya watoto. Barua naiacha wazi, mwenye kuisoma aisome, kwa sababu wewe mwenyewe ulitaka watu wajue kinachompata mtu baada ya moyo wake kusimama na kurudishwa. Ndicho ulichokuwa unakifanyia utafiti. Kisha kikatupata sisi.

Ngoja nianzie mbali kidogo, maana mambo yetu sasa nayakumbuka peke yangu, na nikiyanyamazia naogopa yatapotea.

Tulikutana chuoni, Chimwaga, wote wanafunzi, wewe ukisomea uuguzi, mimi Kiswahili. Ulikuwa unaongea polepole, kila neno unalipima kabla ya kulitoa. Siku moja nilikucheka kwa kosa dogo la ngeli, ukaniambia bila hasira, "Wewe umezaliwa nacho. Mimi nilikikuta shuleni, pamoja na fimbo." Nikaona aibu. Kisandawe ndicho ulichonyonya, na mpaka unaanza darasa la kwanza hukuwa na lugha nyingine. Mimi baba Mluguru, mama Mnyaturu, nimekulia Morogoro mjini. Wazazi wangu walielewana kwa Kiswahili, na hawakuniachia lugha nyingine yoyote. Ukajaribu kunifundisha ya kwenu. Zile sauti za kugongesha ulimi zilinishinda kabisa. Tulicheka mpaka wenzetu wa chumba cha pili wakagonga ukuta. Nikaambulia salamu na neno la maji, basi. Nilidhani muda upo.

Tukaoana, Salome akazaliwa, mimi nikapata kazi ya kuhariri nyaraka wizarani, na ofisi zilipohamia Mtumba nikahamia nazo. Wewe ulikuwa wodi ya wagonjwa mahututi. Ukirudi nyumbani baada ya zamu nilikujua kwa namna ulivyovua viatu. Kama mmempoteza mtu, ulivivua ukiwa umesimama, ukaenda moja kwa moja bafuni. Kama mmemrudisha, ulikaa kwenye kochi na kunisimulia. Yule mama anayeuza mboga soko la Majengo, aliyeanguka kwenye foleni ya hospitali na mkamrudisha, alikuja mwenyewe wiki chache baadaye na fungu la mchicha, akawataja wauguzi wote kwa majina. Ulikuja na huo mchicha nyumbani ukiubeba kwa mikono miwili. Tuliula kama chakula cha sikukuu.

Lakini hawakuwa wote kama yule mama, na hilo ndilo lililokusumbua. Uliporudi chuoni kwa shahada ya pili ulikuwa tayari unajua utakachokiuliza. Fomu za hospitali, uliniambia, zinaishia kwenye kisanduku kimoja: ameruhusiwa akiwa hai, au amefariki. Baada ya geti hakuna anayeuliza tena. "Hai ni neno dogo sana, Mama Salome," ulisema.

Dodoso tuliliandika hapa hapa mezani. Uliliandika kwanza kwa Kiingereza, kwa sababu ndivyo chuo kilivyotaka, kisha ukanipa nililete kwenye Kiswahili ambacho mtu yeyote wa Kongwa au Bahi angekielewa. Ulikuwa umeandika habari za kumudu shughuli za kila siku. Nikakuambia hapana, uliza: Je, anakula mwenyewe? Anavaa mwenyewe? Anajua njia ya chooni? Palipohusu kumbukumbu nikaandika: Je, anawajua watu wa nyumbani kwake? Ukasoma kwa sauti, ukafurahi. Ukasema sasa hata mama yako angejibu.

Tukagombana kwenye swali la mwisho. Ulitaka ndugu aulizwe: kama ungejua hali atakayokuwa nayo leo, bado ungetaka aokolewe siku ile? Nilikuambia huo ni ukatili. Nani amjibu mgeni swali kama hilo, na mgonjwa amekaa pale pale? Ulinisikiliza mpaka mwisho. Kisha ukasema hakuna aliyewahi kuwauliza, na huenda wapo wanaolibeba peke yao.  Nikalitafsiri.

Nilielewa siku uliponichukua Kongwa. Ilikuwa Jumamosi, ulisema tutapitia kwa mgonjwa mmoja halafu tununue alizeti. Alikuwa mwalimu mstaafu. Moyo wake ulisimama akiwa wodini, mkaurudisha, akaruhusiwa. Tulimkuta amekaa sebuleni ameelekea ukutani. Mkewe alijibu maswali yote kwa adabu, akatupa chai, na tulipoinuka kuaga akakuuliza hali ile itaisha lini. Ulimwambia asubiri, hali kama hiyo huchukua muda. Tukaenda mpaka Kibaigwa. Pale ukasimamisha gari pembeni ya barabara. "Nimemdanganya yule mama," ulisema. "Sijui kama itaisha." Hatukununua alizeti.

Ni baada ya siku hiyo ndipo uliponifundisha kukandamiza kifua. Ulitoa mto wa kochi, ukauweka sakafuni, ukanipigisha magoti. Ulinionyesha kiganja kinakaa wapi, viwiko vinanyookaje, namna ya kuhesabu. Uliponiona nimechoka ukaniambia nikichoka nibadilishane na mtu, ila kifua kisikae bila mikono, maana kila kinapokaa bila mikono ubongo ndio unaolipa. Nilifanya kwa kukuridhisha. Nilikuwa na sufuria jikoni.

Sasa Jumamosi yenyewe. Kwa siku mbili ulikuwa unalalamika kifua kizito, ukasema ni vidonda vya tumbo, ukanywa dawa ya tumbo. Wewe, ambaye ungemkaripia mgonjwa yeyote kwa kufanya hivyo. Nilikuambia twende hospitali, ukasema Jumatatu una zamu, utapimwa huko huko. Sikukazania. Asubuhi ile maji yalitoka baada ya siku nne bila maji, ukaamka kujaza tangi. Nilikuwa nachuja uji nikasikia ndoo imeanguka. Nilidhani umeteleza kwenye sakafu iliyolowa. Nilipotoka ulikuwa umelala chali chini ya bomba, unavuta pumzi kama mtu anayekoroma, halafu hukuvuta tena.

Nilipiga magoti kwenye maji nikaanza. Nilihesabu kwa sauti. Nilisikia ubavu unavunjika chini ya kiganja changu, nikaendelea, kwa sababu ulikuwa umeniambia unaweza kuvunjika na nisiache. Salome alitoka mlangoni na gauni la kulalia. Nikamwambia amkimbilie Yohana, jirani yetu mwenye pikapu. Yohana alikuja mbio, akasema tupakie, nani atasubiri gari la wagonjwa. Yeye na kijana wake walikubeba. Lile geti letu dogo, ulilosema kila mwaka utalipanua, halikuwapitisha wakiwa wamekubeba kwa upana. Wakarudi nyuma, wakakugeuza, mguu wako ukanasa kwenye kitasa. Muda wote huo mikono yangu ilikuwa hewani. Nilikuwa nyuma yao nasema kifua, kifua, na hakuna aliyenielewa.

Kwenye pikapu niliendelea. Barabara ina matuta, na kila tuta nilikuwa natupwa pembeni, narudi, natafuta mahali pa kiganja upya. Sijui tulitumia dakika ngapi. Sitaki nipate mtu wa kuniambia.

Waliotupokea ni wenzako. Dada Tatu, mnayefanya naye utafiti, ndiye aliyenitoa mikono kifuani kwako, maana sikuwa nimeelewa kwamba naweza kuacha. Walikushtua kwa umeme, wakarudia. Nilikuwa nje ya pazia. Nikasikia daktari anasema mapigo yamerudi. Tatu akatoka akanikumbatia, akasema nimekuokoa. Nilimwamini. Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani nikashukuru, na watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimeshika kipaza sauti na viganja vyangu bado vimevimba.

Ulilala wiki mbili. Ulipofumbua macho ulinitazama, ukatazama dripu, ukatazama dari. Siku tatu hukusema kitu. Siku ya nne ukaanza kusema, na daktari kijana aliyekuwa zamu akasema ni ulimi tu, maneno bado hayajakaa sawa. Mimi nilizitambua zile sauti. Nikampigia mama yako simu, nikaiweka sikioni kwako. Ukaongea naye. Uliongea vizuri, kwa utulivu, sentensi nzima nzima, na nikasikia mama analia upande wa pili. Nilipoichukua simu akaniambia, "Anaomba maji. Anasema ameomba tangu asubuhi."

Neno la maji nilikuwa nalijua, Baba Salome. Ndilo pekee nililokuwa nalijua, na nilikaa kando ya kitanda chako tangu asubuhi sikulisikia.

Walinieleza kwa upole. Ubongo ulikosa hewa kwa muda, sehemu imeumia, lugha uliyojifunza baadaye imeondoka na ile ya utotoni imebaki. Huenda Kiswahili kitarudi, huenda kisirudi. Hata miaka ya karibuni imekwenda nacho, ndiyo maana ulikuwa unamuuliza mama kama mbuzi wamerudi. Nikamuuliza Tatu hali ile itaisha lini. Akaniambia nisubiri. Nilimtazama, naye akatazama chini, na nadhani wote wawili tulikukumbuka wewe.

Nikakuleta nyumbani. Nilidhani ukikiona kitanda chako, kikombe chako, picha ya harusi, kitu kitashtuka ndani yako. Ulikaa kochini kama mgeni aliyefika kabla ya wenyeji. Ulinishukuru kwa chakula kwa kupiga makofi mawili madogo. Nilipokuwa kazini Mtumba dada wa kazi alishindwa kukuelewa, ukawa unatoka, unazunguka mitaa ya Nkuhungu unasimamisha watu na kuwauliza, nadhani, njia ya kwenu. Walidhani umelewa. Mara moja vijana wa bodaboda walikusukuma. Ulirudi na mchubuko kwenye kiwiko, na nilipotaka kuuosha ulinificha mkono. Usiku ukaanza kushtuka ukinikuta pembeni yako, kwa hiyo nikahamia kwa Salome.

Mama alikuja mwezi wa tatu tangu ulipoanguka. Alikaa nawe siku mbili nyuma ya nyumba, mnaongea. Nilikuwa nawasikia nikiwa jikoni, nikasikia unacheka. Siku ya tatu akaniita, akanishika mkono. "Mwanangu, niache niende naye. Kule ana watu wa kuongea nao." Nilifunga nguo zako mwenyewe. Kwenye basi ulikaa dirishani na ulikuwa unatabasamu. Nililipia kiti, nikashuka.

Miezi sita ilipotimia Tatu alinipigia simu. Nilikuwa ofisini, nikatoka nikasimama kwenye kivuli cha jengo. Aliniita kwa jina langu kamili, nikajua anasoma. Alisoma maelezo ya ridhaa, yale tuliyoyaandika hapa mezani, kwamba ninaweza kukataa wakati wowote na kukataa kwangu hakutaathiri huduma kwa mgonjwa. Nikaridhia. Ningekataaje? Wewe ulipanda mabasi ya vijijini kuomba watu waridhie.

Anakula mwenyewe? Ndiyo. Anavaa mwenyewe? Ndiyo, ila vifungo havimudu. Anajua njia ya chooni? Ya kule anaijua. Akafika kwenye swali langu.

"Je, anawajua watu wa nyumbani kwake?"

"Nyumbani kwake wapi, Tatu?"

 Kisha akaniuliza aandike nini, nikamwambia aandike kwamba mara nyingine anawajua. Ni uongo, na ni ukweli. Mama unamjua. Shemeji zangu unawajua. Salome unamwita kwa jina la dada yako aliyefariki mdogo, naye anaitika, hakusahihishi.

Swali la mwisho Tatu alilisoma kwa sauti ndogo sana. Kama ungejua hali atakayokuwa nayo leo, bado ungetaka aokolewe siku ile? Magari ya wizara yalikuwa yanaingia na kutoka. Nilijaribu kusema ndiyo, maana ndiyo ndiyo jibu la mke, na Salome ana baba. Nikaona uso wako ulivyokuwa pale ulipoficha mkono. Nikajaribu hapana, na hiyo nayo ilikataa kutoka. Nikamwomba aliache wazi. Akaniambia haliachwi wazi, wewe mwenyewe ulipanga namba ya asiyejibu. Basi akaandika namba hiyo.

Tangu siku hiyo nakujibu peke yangu, jibu tofauti kila asubuhi. Nikipita kwenye lile geti, ambalo nimeshindwa kulipanua na nimeshindwa kulivumilia, nafikiri kwamba tungetangulia kulibomoa. Nafikiri ningemwambia Yohana asubiri, nikaendelea pale pale chini ya bomba mpaka wenzako wafike. Nafikiri ningekuvuta kwa nguvu hospitalini ile Alhamisi. Nimefungua kompyuta yako nikitafuta ulichoandika kuhusu watu kama mimi. Sura ya matokeo ina kichwa cha habari tu, chini yake hakuna kitu. Tatu na msimamizi wako wanaimalizia. Watakuwemo watu wengi humo, kila mmoja kwa namba, na wewe mmojawapo. Tatu amekataa kuniambia namba yako, na amefanya sawa, ndivyo ulivyomfundisha.

Nina daftari sasa. Mama ananitajia maneno, nayaandika kwa herufi nilizojitungia, nayafanyia mazoezi bafuni. Salome ameniacha mbali. Yeye anagongesha ulimi kama aliyezaliwa kule. Nikikuambia neno unanitazama kwa makini, unakunja uso kidogo, kisha unaitikia kwa heshima kama mtu anayemvumilia mgeni. Najua hukunielewa.

Jumamosi ya wiki iliyopita nilikuja kama kawaida, na sukari, mafuta ya kula na dawa zako za mwezi. Mama alitupa ungo wa karanga, tukakaa tunabangua, mimi na wewe, mchana mzima.  Ulikuwa unanichagulia zile kubwa unaziweka upande wangu. Kwa muda huo sikuwa na swali lolote. Nilikuwa nimekaa na mume wangu tunabangua karanga.

Jua lilipoanza kuinama uliliangalia, ukaniangalia mimi, ukamwambia mama sentensi ndefu. Ulikuwa na wasiwasi usoni. Mama akajibu kwa neno moja, ukarudia, kwa msisitizo. Nilimuuliza mama umesema nini. Akasema unashukuru kwa sukari. Sikuamini, kwa sababu hakuniangalia.

"Mama, nakuomba. Niambie alichosema."

Alifuta mikono kwenye khanga.

"Anasema wewe ni mwanamke mwema, unakuja kila mara. Lakini jua linashuka na njia ni ndefu. Anasema urudi kwako mapema, mumeo atakuwa anakungoja."

Nikamwomba mama akujibu kwamba nimesikia, nashukuru, naondoka sasa hivi. Akakujibu. Ukatulia. Ukainuka, ukanifungia karanga kwenye kipande cha gazeti, ukanisindikiza hadi kwa shemeji, nyumba ya pili, ambako hulala nikija. Ulisimama njiani mpaka nikaingia ndani.

Jana sikuja, Salome alikuwa na homa juzi. Jumamosi ijayo tutakuja wote wawili. Usikae juani, na vidonge vile vyeupe mama akikupa vimeze hata kama ni vichungu. Mama umsalimie. Kuku pia.

Mimi mkeo,
Mama Salome